Benchi ya zamani, lakini ya nani?

Leo siongee siasa, siongee barabara. Nataka kuongea juu ya viti. Wamoja watacheka, na ni sawa. Lakini muvumilie mpaka mwisho, juu jambo hili liko ndani ya saloni zetu sisi wenyewe tuliosoma, na linagusa watu ambao leo hawalale kwao.

Mwezi uliopita nilikuwa Butembo kwa mwenzetu mumoja tuliyemaliza naye masomo. Amehamia nyumba mpya, akanialika niione. Aliponifungulia mlango hakusema "karibu, kaa". Alisema: "Kwanza angalia." Ile foteyi kubwa ya rangi ya maziwa, ambayo sisi wenyewe tulimchangia siku ya ndoa yake, haikuwepo tena; imepelekwa chumba cha watoto. Pale katikati palikuwa benchi moja ndefu ya mbao ya giza, ya kutosha watu wanne, mgongo na pa kukalia vyote vimesukwa kwa rotini. Rotini yenyewe imegeuka rangi ya asali. Ukingo wa juu wa mgongo umelainika na kung'aa, hapa na pale, kama jiwe la mtoni. Mito miwili ya kitenge, taa moja pembeni, basi.

"Hii njo vinteji," akasema. "Ya wakoloni. Dola 120, na usafiri juu ya Fuso toka Beni."

Nilikaa. Kusema kweli, ilikuwa siku nyingi sijakaa vizuri vile ndani ya nyumba ya mutu.

Nianze na sifa, juu sifa zinastahili. Kwa miaka mingi, huku kwetu Grand Nord, saloni ilikuwa kama mtihani wa mwisho. Mutu akipata kazi, au biashara yake ikianza kutembea, kitu cha kwanza ni foteyi. Iwe kubwa, iwe na mikono minene, ibakie na plastiki yake muda mrefu ili wageni wajue ni mpya. Wafanyabiashara wa Butembo wamezileta toka Dubai na China, zikapita Mombasa na Kasindi, na mafundi wetu wakajifunza kuziiga. Siwalaumu. Lakini tuiangalie foteyi kama kitu, bila haya. Chini ya kitambaa kuna sponji, chini ya sponji kuna mbao nyepesi zilizoungwa haraka haraka. Sponji ikilala, foteyi imekufa. Kitambaa kinakunywa jasho na vumbi. Mvua za Beni zikianza, inanuka sawa nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Hakuna mutu anayeifungua na kuitengeneza. Inatolewa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo.

Benchi ya kusukwa ni kitu kingine. Kila kiungo chake unakiona. Hewa inapita chini na nyuma, na kwa joto la Beni hiyo si mapambo, ni faida. (Watu wa Butembo, ninyi mulio zaidi ya mita 1,700 juu, mutahitaji mto: jioni baridi inapanda kwa yale matundu.) Na kuna faida kubwa zaidi: benchi ya aina hii ilitengenezwa na mutu aliyejua kwamba itachoka. Rotini inachakaa mbele ya mbao. Fundi anatoa iliyokatika, anasuka upya, na mbao ileile inaendelea na maisha, hata kwa mjukuu. Kiti kama hiki kinakuuliza kama uko tayari kukitunza. Foteyi haikuulizi kitu.

Basi, mtindo huu wa vijana wetu kutafuta viti vya zamani, mimi ninaukubali. Ninachokataa ni namna tunavyochagua. Tunachagua kwa macho na kwa neno "vinteji". Ngoja nieleze.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa fundi wa kusuka viti hapa Beni. Wakati nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kulowesha rotini ndani ya beseni na kumpa kamba moja moja. Hakuanza hata siku moja kuangalia kiti kwa juu. Alikigeuza, miguu hewani. Alikuwa akisema kwamba uso wa kiti unaongea na mnunuzi, tumbo lake linaongea na fundi. Yeye alitaka kusikia tumbo.

Mukigeuza benchi mutaona nini? Kwanza, namna kusukwa kulivyoshikwa kwenye mbao. Kama kuna matundu madogo yaliyotobolewa kuzunguka fremu, moja kando ya lingine, na kamba zinapita ndani yake, hiyo imesukwa kwa mkono na inaweza kusukwa tena kwa mkono. Kama hakuna matundu, kuna mfereji mdogo tu na kipande cha rotini kimepigwa ndani yake kama kifuniko, hiyo ni nguo ya rotini iliyosukwa kwa mashine ikabandikwa. Siyo mbaya, lakini siku itapasuka utapaswa kuagiza kipande kizima toka nje, na fundi wa hapa atakusaidia kidogo tu.

Mfano wa matundu hayo ulizunguka dunia nzima. Mwaka 1859, huko Vienna, Michael Thonet alitoa kiti chake namba 14: mbao iliyopindishwa kwa mvuke, pa kukalia pamesukwa kwa kamba za rotini. Kilikuwa na vipande 6 tu na skrubu zake, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia ndani ya sanduku la mita moja kila upande. Kwa hiyo kilisafiri bara zote. Viti vingi ambavyo leo tunaviita "vya wakoloni" ni watoto au wajukuu wa mawazo yale: mbao imara, tumbo jepesi linaloweza kubadilishwa.

Pili, angalia wadudu. Matundu madogo ya mviringo si kitu kama ni ya zamani na yamekauka. Lakini pigapiga mbao kwa kidole: unga mweupe ukianguka, mdudu bado anakula, na ukimwingiza ndani ya nyumba atahamia mlango na dari. Tatu, sukuma pa kukalia kwa kiganja. Rotini iliyolegea siyo iliyokufa. Lowesha upande wa chini kwa maji ya vuguvugu, uache ikauke polepole kivulini. Mara nyingi inajivuta tena. Ile inayolia na kukatika kwenye ukingo wa fremu, hiyo imekwisha. Nne, usilipie rangi. Verni mpya juu ya kiti cha zamani ni sawa poda juu ya jeraha. Muuzaji anayepaka verni siku ile ile anayokuuzia ana kitu hataki ukione.

Mpaka hapa ni mambo ya fundi. Sasa tuulize: rotini yenyewe inatoka wapi? Wengi wanafikiri ni mwanzi. Hapana. Ni aina ya mchikichi unaopanda juu ya miti kama kamba, na una miiba mingi. Ndani ya misitu ya bonde la Kongo kuna jamii zake kadhaa. Laccosperma ndiyo minene, ya kufanya fremu. Eremospatha ndiyo myembamba, ya kusuka. Mkataji anaingia mbali porini, anaivuta chini toka juu ya miti, anatoa miiba, anabeba mafungu juu ya bega au baiskeli. Ya mjomba ilikuwa inakuja toka upande wa Mbau na Eringeti. Nilijua harufu yake: majani mabichi na moshi.

Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji yalianza ndani ya Beni, munajua wenyewe kile msitu ule umekuwa. Mutu anayeenda shambani hajui kama atarudi. Sasa nani ataenda kuvuta rotini? Wamoja walienda, wamoja hawakurudi. Mjomba alisuka kwa nailoni kwa muda, baadaye aliacha. Mikono yake bado inajua. Anachokosa ni kitu cha kushika.

Kwa mawazo yangu, hiyo ndiyo sababu moja ya bei ya zamani kupanda. Hatukuamka asubuhi moja tukapenda mambo ya babu zetu. Kiti kipya cha rotini nzuri kimekuwa vigumu kupatikana, basi tunakamata kile kilichobaki. Saloni ya Butembo na njia ya Eringeti vimefungwa kwa kamba moja.

Nirudi kwa benchi ya mwenzetu. Niliipenda mpaka nikamuuliza muuzaji ni nani, nitafute ndugu yake. Akanielekeza. Nilipofika Beni nilienda. Ni mahali pa kawaida, pembeni ya barabara: milango ya zamani, vitanda, madirisha, mabati yaliyokwisha kutumika. Na kweli, nyuma kulikuwa benchi moja sawasawa na ile. Mbao ileile, kusukwa kulekule.

"Ya wakoloni, mukubwa," kijana akaniambia mbele sijauliza. "Nakufanyia dola 100."

Nikaigeuza.

Matundu yalikuwepo, yamesukwa kwa mkono, kazi safi. Lakini kwenye pembe mbili rotini ilikuwa imefungwa upya na nailoni ya bluu, ile tunayouziwa sokoni kila siku. Mguu mumoja ulikazwa na kamba ya mpira wa ndani wa baiskeli. Mkoloni aliyeondoka mwaka 1960 hakufunga nailoni hiyo. Mutu mwingine aliifunga, hapa karibuni, mutu asiyekuwa na rotini lakini hakutaka benchi ife. Na chini ya mbao ya kukalia kulikuwa rangi nyeupe: msalaba mdogo na namba 7.

Hapo nikakumbuka ule ukingo wa mgongo uliolainika, kule Butembo. Nikasimamisha benchi tena na kupitisha kidole. Umelainika sehemu nne, umbali sawa, na umelainika upande wa nyuma. Mwenzetu alikuwa amenielezea kwamba ni wazungu, walikuwa wakiegemea pa baraza wakikunywa jioni. Lakini mutu anayekaa hashike ukingo kwa nyuma. Anayeshika kwa nyuma ni yule aliyepiga magoti kwenye mstari unaofuata. Ni mikono ya watu wanaosali. Watu wanne, siku ya Mungu baada ya siku ya Mungu, pa nafasi zao.

"Hii imetoka wapi?" nikamuuliza.

Kijana akaangalia barabara. "Mukubwa, mimi nilinunua kwa watu wa Fuso. Yalikuwa mabenchi kumi hivi. Wenyewe walikimbia. Nani atakuya kuikalia? Ingebaki kule, ingekuwa kuni."

Akanitajia na kijiji, kwenye njia ya Oicha kwenda Eringeti. Jina sitaliandika, juu neno la muuzaji mumoja halitoshi. Sikununua. Nilienda nyumbani nikijiona mutu safi. Baada ya siku mbili roho ikanisumbua nikarudi, angalau nipige picha ya ile namba. Benchi ilikuwa imeuzwa. Na ya tatu iliyofika nyuma yake ilikuwa imepigwa msasa tumbo lote, nyeupe kama yai. Hakuna msalaba, hakuna namba. Kijana alikuwa amejifunza toka kwangu kitu gani kinamkosesha soko. Kwa hiyo usafi wangu ulileta faida gani? Hakuna. Niliharibu tu.

Sasa nieleze kwa nini naita jambo hili kosa la uchaguzi, siyo tu bahati mbaya ya vita.

Neno "vinteji", hata neno letu "ya zamani", linajibu swali la lini. Halijibu swali la nani. Na neno "ya wakoloni" linafanya vibaya zaidi: linakupa mwenyewe ambaye huna haja ya kumhurumia. Mzungu alienda, kiti kilibaki, mimi nimekiokota. Hakuna wa kudai. Ni neno la kutuliza roho. Ndiyo maana muuzaji analitumia mbele haujauliza.

Wahenga wa Afrika hawakuona kiti vile. Kwa ndugu zetu Balega, upande wa Maniema na Kivu ya Kusini, kuna kiti kidogo cha mbao kinachoitwa kisumbi. Kina nafasi yake ndani ya bwami, ile jamii ya kufundishwa na kupandishwa madaraja ambayo Daniel Biebuyck aliichunguza miaka ya 1950. Kisumbi si kitu cha kukalia tu. Kinaonyesha mutu amefika wapi. Wabelgiji walikataza bwami mwaka 1933, wakarudia 1948, na vitu vyake vingi vikaishia ndani ya makabati ya Ulaya. Pale juu ya kibao kisumbi ni kizuri sana. Lakini kimebaki bila mwenyewe, na uzuri wake umebadilika maana.

Hata pwani ni vile. Lamu, Mombasa na Zanzibar walikuwa na kiti cha enzi: kirefu, cha mpingo, mgongo wima, kimepambwa kwa pembe za ndovu na mifupa, na mgongo na pa kukalia vimesukwa kwa nyuzi. Kama unatafuta heshima ndani ya kiti cha kusukwa cha Afrika Mashariki, hakuna kinachopita hicho. Kilitunzwa kwa ajili ya mgeni mkubwa. Lakini pembe za ndovu za karne ya 19 zilikuwa zinafika pwani toka bara, na njia za misafara, zile za Tippu Tip na wenzake, zilifika mpaka Maniema, zikirudi na pembe na watu waliofungwa. Kiswahili hiki ninachoandika kilipanda kwetu kwa njia zile zile. Hiyo haifanyi kiti cha enzi kiwe kibaya kwa macho. Inafanya mutu asiweze kukisifu kwa macho peke yake.

Na sasa tufike kwetu sisi walisansie. Februari 2022, waziri mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake Sama Lukonde orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyo kwenye jumba la makumbusho la Tervuren. Juni mwaka ule ule, mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu, na hata hicho kama mkopo usio na mwisho. Munakumbuka tulivyosema. Tulisema mkopo wa nini, wakati ni chetu? Tulisema wakueleze kila kitu kilitoka wapi, kwa nani, kwa njia gani. Tulikuwa na haki, na bado tunayo.

Basi swali lile lile tunaloliuliza Tervuren, mbona haliingii saloni ya Butembo?

Najua jibu, juu mwenzetu alinipa. Nilimpigia simu, nikamwambia ageuze benchi. Nikasikia anavuta mbao, watoto wanacheka. Halafu kimya. "Iko namba 4," akasema. Na msalaba. Alikasirika, na ninamwelewa. "Mimi sikuiba. Nilitoa pesa zangu. Sasa unataka niirudishe kwa nani? Kanisa haliko, watu hawako. Ningeiacha, ingepikiwa maharage."

Kila neno alilosema ni kweli. Benchi kule ingeoza au ingeungua. Yeye si jeshi lililovunja kijiji kwa nguvu, na sitamweka kwenye mzani mumoja na dola la Leopold. Hata mimi niliyekataa kununua sikumsaidia mutu yeyote, na yeye aliyenunua angalau ameiokoa. Lakini kuna tofauti kati ya kuokoa kitu na kukipata. Aliyeokoa anajua bado kuna mwenyewe. Watu wa kijiji kile hawakuisha wote. Wamoja wako Oicha, wamoja Beni mjini, wamoja Butembo kwenye nyumba za kupanga, labda mtaa mumoja na benchi yao. Wakimbizi wa ndani wanarudi pole pole, wanakimbia tena, wanarudi tena. Siku moja watajenga kanisa upya, hata la miti na turubai. Siku ile watakaa wapi?

Kwa hiyo, kwa yule anayetaka kuchagua benchi ya zamani, haya ndiyo mawazo yangu, mutayakosoa.

Geuza mbele ya kulipa. Siyo kwa ajili ya wadudu tu. Tafuta herufi, namba, msalaba, jina la shule. Kiti chenye namba kilikuwa na ndugu zake na mahali pake. Ukikuta, usipige msasa, usipake rangi. Ile namba ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Andika kwenye karatasi: nilinunua siku gani, kwa nani, aliniambia imetoka wapi. Bandika karatasi ile chini. Ubelgiji ilichukua zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru kutupa orodha. Sisi tunaweza kuandika yetu jioni moja.

Usiite "ya wakoloni" kama haujui. Mgeni akiuliza, mwambie unachokijua. Itaharibu kidogo utamu wa saloni, ndiyo. Lakini mgeni mwenyewe anaweza kuwa na shangazi aliyetoka njia ile.

Na kama unapenda kusukwa kwenyewe, siyo uzee, basi tafuta fundi aliye hai. Mafundi wazee wa kusuka bado wako Beni, wamekaa bila kazi. Mbao za mvule au libuyu ziko. Rotini ikipatikana hata fungu moja, mlipe vizuri, na mtume kijana akae pembeni na kulowesha kamba ndani ya beseni kama nilivyofanya mimi. Benchi mpya leo itakuwa ya zamani kwa watoto wetu, na itakuwa na jina.

Mwenzetu hajanijibu kama amekubali mawazo yangu. Lakini juzi mke wake alituma picha: benchi iko pale pale, mito imetolewa, na chini yake, kwenye mbao, wamebandika karatasi ndani ya plastiki. Sikuweza kusoma maandishi. Namba 4 ilionekana vizuri.

Mwisho, ombi. Kama wewe au wazazi wako mulitoka njia ya Oicha–Eringeti, na munakumbuka kanisa lililokuwa na mabenchi ya mbele ya mbao ya giza, yamesukwa kwa rotini, na chini yake msalaba mweupe na namba, tafadhali andika ujumbe kwa ukurasa huu. Namba 4 iko, na iko salama. Ya 7 tulipoteza njia yake hapa Beni, na ya tatu niliyoiona haina namba tena, lakini benchi za mgongo uliolainika kwa nyuma hazifichiki. Anayeikalia sasa hivi, na anasoma hapa, ageuze.